Deiwaka wa studio Mwanza: kikoba, chama, ushirika au chama cha wafanyakazi?

Mpiga kinanda anayezunguka studio za Kirumba, Mabatini na Nyakato hakosi kazi. Msimu wa kwaya ukichanganya anaweza kulala studio tatu tofauti ndani ya wiki moja. Shida inakuja mwisho wa mwezi, ukimwambia apige hesabu ya alichopokea na anachodai: anachodai ndicho kikubwa. Mpiga solo naye hivyo hivyo, mwitikiaji naye hivyo hivyo, na yule kijana wa miksi anayekesha na hedifoni ndiye wa mwisho kukumbukwa. Hawa ndio deiwaka wa muziki wetu. Studio si yao, mkataba hawana, na majina yao hayaonekani hata kwenye maelezo chini ya video.

Wazo la kuungana huibuka kila baada ya muda, halafu linakwama palepale: tuungane kwa mtindo gani? Mmoja anataka kikoba. Mwingine anataka chama chenye katiba na muhuri. Wa tatu amesikia habari za ushirika, na aliyepitia sheria kidogo pale chuo kikuu cha SAUT anataja chama cha wafanyakazi. Wanabishana usiku kucha kama vile ni kitu kimoja chenye majina manne, kumbe kila kimoja kina meno kwa mdaiwa wa aina yake tu. Ndiyo maana mimi huanza na swali la kuudhi kidogo, kabla ya katiba na kabla ya kuchagua mwenyekiti.

Mnamdai nani hasa?

Chukua kazi ya kawaida ya huku kwetu. Kwaya inavuka kutoka Nansio kwa meli, inashuka Mwanza na mabegi ya sare na sufuria zake, inakuja kurekodi nyimbo nane. Pesa imechangwa kanisani kwa miezi. Mwalimu wa kwaya anakubaliana na mwenye studio kwa mkupuo, tuseme milioni moja na laki mbili, kila kitu humo humo. Mwenye studio anapiga simu: kinanda, solo, besi, njooni. Mpiga kinanda akiuliza malipo anajibiwa, "Mdogo wangu, hii kazi ya Mungu, tusaidiane. Nitakutoa na elfu hamsini leo, nyingine wakimalizia." Kwaya inatoa nusu. Nusu nyingine inasubiri uzinduzi, na uzinduzi unasubiri mgeni rasmi.

Huyo mpiga kinanda hajawahi kuongea na mwalimu wa kwaya. Anamdai mwenye studio, na mwenye studio anaidai kwaya. Ukimbana mwenye studio atakufungulia simu yake akuonyeshe meseji anazowatumia, na mara nyingi atakuwa anasema kweli.

Linganisha na kijana wa miksi. Yeye anafika studio ileile kila siku saa nne asubuhi, anatumia kompyuta ya tajiri, anapangiwa nyimbo za kufanya, na akichukua kazi ya nje panakuwa na ugomvi. Analipwa "kwa wimbo", lakini maisha yake yote yako mikononi mwa mtu mmoja. Uhuru wa deiwaka yeye hana.

Yupo pia mtayarishaji wa midundo anayefuatwa moja kwa moja na msanii wa bongo fleva au muimbaji wa nyimbo za asili za Kisukuma. Huyo mteja anakuja na flashi na ahadi: "Kaka, ngoma ikilipa tutakumbukana." Hapo mdaiwa ni mteja mwenyewe, hana mtu wa katikati.

Mwisho kuna kazi za mashirika, redio na halmashauri: wimbo wa kampeni ya chanjo, tangazo, sauti ya filamu fupi kuhusu uvuvi haramu. Hizi zinalipa vizuri kuliko zote, ila zinamlipa mwenye TIN (namba ya mlipakodi), ankara na akaunti ya benki. Deiwaka hana, kwa hiyo kazi inapita kwa mtu wa kati, na anachobakiza huyo mtu wa kati anakijua mwenyewe.

Andikeni kwenye daftari kazi za miezi michache iliyopita, kila mmoja na mdaiwa wake. Orodha hiyo itawaambia mengi kuliko kikao.

Kundi la WhatsApp na kikoba

Hapa sina maneno mengi. Kundi la WhatsApp ni bure, linaanza leo, na faida yake kubwa ni moja: kuambiana nani halipi. Hata hiyo ifanyeni kwa adabu. Semeni yaliyotokea na yenye ushahidi, maana kumwanika mtu kwa jina kwa jambo usiloweza kulithibitisha ni kutafuta kesi.

Kikoba kinafika mbali kidogo. Mnachanga kila wiki, mnakopeshana, anayeuguliwa anasaidiwa, anayeharibikiwa na kinanda hakosi cha kuanzia. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya namna hii vinatakiwa kusajiliwa, vikiwa daraja la nne, na usajili unapitia halmashauri. Mkisajiliwa kama kikundi cha vijana au wanawake mnaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile wanayoiita nne-nne-mbili: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Ila kikoba hakimgusi mdaiwa. Kinakupunguzia makali ya kutolipwa, na kwa namna fulani kinamsaidia hata yule asiyelipa, kwa kuwa njaa yako sasa inabebwa na wenzako. Kianzisheni kwa sababu kinajenga uaminifu wa pesa kati yenu, na kikundi kisichoaminiana kwa elfu tano tano hakitaaminiana kwa ankara ya milioni tatu.

Chama cha wasanii na chama cha wafanyakazi

Haya mawili ndiyo yanayochanganywa zaidi, kwa kuwa yote yana katiba, mwenyekiti na kadi.

Chama cha wasanii kinapita kwa ofisa utamaduni wa Nyamagana au Ilemela na kusajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 1984. Mkishasajiliwa mnatambulika. Mnaalikwa kwenye vikao, mnaweza kuandika barua ikajibiwa, mnaingia kwenye mnyororo wa mashirikisho ya sanaa, mnatoa maoni sera ikiandikwa. Kama lengo lenu ni sauti mbele ya serikali, hapa ndipo pake. Hata sheria ya jiji la New York inayowalinda wafanyakazi huru, iliyoanza kutumika tarehe 15 Mei 2017, ilisukumwa na watu wa aina hii waliojipanga: inadai mkataba wa maandishi kwa kazi ya dola 800 na kuendelea, malipo ndani ya siku 30 kama hawakupatana tarehe nyingine, na anayedhulumu anaweza kulipishwa mara mbili. Sheria kama hiyo hapa Tanzania haitatua kutoka mbinguni, itadaiwa na chama.

Lakini cheti cha BASATA hakikusanyi deni. Nimeona watu wakikichapisha, wakikitia fremu, halafu wakashangaa mwenye studio hatetemeki. Hana sababu ya kutetemeka.

Kuna na kamtego hapa ambako wengi hawakajui. Jambo la kwanza wanalotaka kufanya wakishasajili chama ni kupanga bei moja: solo wimbo mmoja kiasi hiki, asiyelipa tumsusie wote. Sasa, kama kila mmoja wenu ni mfanyabiashara huru, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei na kususia kwa pamoja. Sitegemei Tume ya Ushindani ije kuwakamata wapiga besi wa Igoma, lakini mwenye studio mwenye wakili anaweza kuwatisha nayo. Kabla ya kuandika bei ya lazima kwenye katiba, mwoneni wakili. Masharti ya kazi ni salama zaidi: karatasi iliyosainiwa, kishika kazi (malipo ya awali) kabla ya kuanza, salio kabla ya miksi ya mwisho kutoka.

Chama cha wafanyakazi ni habari nyingine. Kinaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Kinaanzishwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20, na maombi ya usajili yanapelekwa ndani ya miezi sita. Kikishatambuliwa na mwajiri kinajadiliana naye kuhusu mishahara, na kupatana bei hapa ndiyo kazi yake halali. Kinaweza hata kugoma, kwa utaratibu: usuluhishi kwanza, kura, kisha notisi ya saa 48.

Hapo watu hukata tamaa: "Sisi si waajiriwa." Msikubali haraka. Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uiteje kazi yake, kama lipo angalau jambo moja kati ya kadhaa iliyoyataja. Anaelekezwa namna ya kufanya kazi. Saa zake zinapangwa na mwingine. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kiuchumi. Anapewa vifaa vya kazi. Anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Sasa mrudie yule kijana wa miksi. Saa 45 kwa mwezi anazimaliza kabla ya wiki kwisha. Ni kweli dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, ila mzigo wa kuipinga unakuwa wa tajiri.

Maana yake ni kwamba akifukuzwa bila utaratibu anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Mwanza. Anajaza fomu namba moja, halipii ada. Muda ndio unaowaangusha wengi: siku 30 tangu kufukuzwa, na siku 60 kwa migogoro mingine kama malipo. Vijana wetu huwa wanasubiri "aone aibu mwenyewe", siku zinaisha. Kwenda CMA hakuhitaji hata chama, ila ukiwa na chama kuna mtu wa kukusindikiza aliyeshazoea kile chumba.

Je, mtu 20 wa namna hiyo mnao? Hesabuni kwa haki. Wapiga vyombo wanaozunguka hawamo, wengi wao wana wateja wao na sheria itawaona ni wenye biashara. Wanaobaki ni watu wa miksi, wapiga picha waliokaa studio moja, na wale wa redio wasio na mikataba. Kama idadi ni ndogo, badala ya kuanzisha chenu, gongeni mlango wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, muulize kama watawapokea. Kujiunga na kilichopo ni rahisi mno kuliko kusajili kipya na kuanza kukilisha.

Mgomo nao usitie watu kiwewe wala mzuka. Marekani, tarehe 1 Agosti 1942, chama cha wanamuziki, American Federation of Musicians, chini ya James Petrillo kilizuia wanachama wake kurekodi santuri. Kampuni ya Decca ilikubali masharti mwaka 1943, lakini RCA Victor na Columbia zikashikilia mpaka Novemba 1944. Wanamuziki walishinda: kampuni zikakubali kulipa kiasi fulani kwa kila santuri, pesa ikaingia mfuko wa kuwalipa wanamuziki wasio na kazi. Katikati ya mgomo kampuni zilikuta upenyo, kwa kuwa waimbaji hawakuwa wanachama. Wakawarekodi waimbaji wakisindikizwa na sauti za waitikiaji badala ya bendi. Upenyo wa mwenye studio wa Mwanza ni laptop yake iliyojaa midundo. Mkisusa besi na ngoma, usiku huohuo ataziweka kwa kompyuta na kwaya haitagundua. Asichoweza kukiiga kirahisi ni solo inayotembea na waimbaji, na sikio la mtu wa miksi. Nguvu yenu, kama ipo, iko kwenye mikono hiyo miwili. Kama wapiga solo hawamo kikaoni, kikao hicho ni maongezi tu.

Ushirika na kampuni

Kwa deiwaka anayezunguka, na kwa zile kazi za mashirika, chaguo la kweli liko hapa. Vyote viwili vinawapa kitu ambacho chama hakitoi: jina moja la kutolea ankara, akaunti moja, TIN moja. Badala ya mpiga kinanda kumdai mwenye studio anayeidai kwaya, kwaya inalipa kwenye akaunti yenu na nyie mnaikodi studio. Mwenye studio anakuwa mtoa huduma wenu. Na bei hapa si ya washindani waliokula njama, ni bei ya biashara moja.

Kampuni ni ya haraka. Mnasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, na kama nyaraka ziko sawa haichukui muda. Ubaya wake uko kwenye hisa. Anayejua kujaza fomu ndiye huwa anajiandikia hisa nyingi "kwa muda", na kura za kampuni zinafuata hisa. Miaka miwili baadaye mnagundua mmejenga studio ya mtu, na mmerudi kuwa deiwaka wake. Mkiamua kampuni, gawaneni hisa sawa siku ya kwanza na muweke kwenye katiba ya kampuni kwamba anayetoka anauza hisa kwa wenzake.

Ushirika ni wa polepole. Unapita kwa ofisa ushirika wa halmashauri, usajili uko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa sheria ya mwaka 2013, na vitabu vyenu vitakaguliwa. Kila mwanachama ana kura moja, awe ameleta kipaza sauti cha milioni au ameleta vidole vyake tu. Kwa watu ambao tatizo lao ni kupunjwa na mwenye mtaji, hilo si jambo dogo.

Najua neno lenyewe linavyopokelewa huku. Mtajie ushirika mzee aliyelima pamba Magu au Kwimba, atakusimulia mazuri ya zamani na machungu ya baadaye kwa pumzi moja. Lakini muulize ulianzaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe wakasimama pale sokoni kuhakiki kilo. Kutoka kwenye harakati hizo, mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele, likakua kuwa kati ya vyama vikubwa vya wakulima barani Afrika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, na vilivyorudi baadaye havikurudi na nguvu ileile. Ninachokichukua pale ni mwanzo wake. Kabla ya jengo na kabla ya bodi, walikuwa na rekodi yao ya kilo. Deiwaka hana rekodi yake ya usiku aliofanya kazi, ndiyo maana kila mabishano ya malipo anaanza akiwa chini.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa ofisa ushirika anzeni na karatasi, au meseji tu, inayotumwa kwa mlipaji kabla chombo hakijachomekwa. Mfano:

"Leo tarehe fulani. Kwaya fulani, nyimbo nane. Napiga kinanda nyimbo sita. Malipo 180,000. Nimepokea 60,000 kwa simu. Salio 120,000 kabla ya miksi ya mwisho kutoka studio. Marekebisho zaidi ya mara mbili yanalipiwa. Jina langu liandikwe kwenye maelezo ya video. Ukikubali jibu SAWA."

Hiyo "SAWA" ni mkataba. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu meseji kuwa ushahidi. Kwa deni dogo unaweza kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo, mwenyewe, bila wakili.

Mfano wa ushirika wenye umbo hili uko Ubelgiji. Smart ilianza mwaka 1998 kuwahudumia wasanii, baadaye ikawa ushirika. Mwanachama anatafuta kazi yake mwenyewe, lakini ankara inatoka Smart, nayo inakata asilimia 6.5. Sehemu ya makato inajenga mfuko wa dhamana, na mwanachama analipwa ndani ya siku chache hata kama mteja bado anasuasua. Mfuko huo ndio roho ya mpango wote. Msiuige mwaka wa kwanza, maana kwaya mbili zikichelewa pamoja zitaumaliza. Anzeni na kishika kazi cha nusu, makato madogo, na marufuku ya kutoa faili kamili kabla ya salio. Mfuko utafuata.

Kuhusu kodi: shirika likiwalipa kwa huduma kwa kawaida litakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Daini cheti cha makato kila mara, kitawasaidia mkifanya hesabu na mamlaka ya mapato, TRA. Na kama mnazitaka kazi za halmashauri, jiandikisheni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, kwa kuwa siku hizi zabuni hazipiti tena mkononi.

Hakimiliki ni mlango wa pembeni

Kila kikao kuna atakayesema, "Dawa ni COSOTA," yaani ofisi ya hakimiliki ya serikali. Hakimiliki ina nafasi yake, ila isije ikameza ajenda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inawatambua pia wanaotumbuiza na watayarishaji wa sauti iliyorekodiwa. Mabadiliko ya mwaka 2022 yakafungua mlango kwa makampuni ya kukusanya na kugawa mirabaha, COSOTA ikabaki msimamizi. Kwenye muziki ndipo ikaingia TAMRISO, mkusanyaji wa mirabaha ya muziki.

Aliyetunga melodia au kutengeneza mdundo, aandikishe kazi yake na asiuze haki kwa mdomo. Lakini mpiga besi aliyelipwa elfu thelathini hatavuna mirabaha ya kumlipia kodi ya chumba Buhongwa. Mirabaha ni pesa ya baadaye, tena ya wachache wenye nyimbo zinazopigwa sana. Malipo ya usiku wa leo ni suala la kazi, na umbo linalotafutwa hapa ni la kazi. Nikiona kikundi kimetumia mwaka mzima kwenye semina za hakimiliki huku wanachama wake wanadai malipo ya Krismasi iliyopita, najua kuna mtu anawapoteza, na pengine posho ya semina ni nzuri.

Ningechagua nini

Kwa wapiga vyombo wanaozunguka kati ya studio, na ambao nusu ya kazi zao ni kwaya: karatasi ya kazi mwezi huu, kikoba kando yake, na ushirika mkishazoeana kwa pesa. Kampuni ningeiweka ya pili, kwa kundi la watu wanne watano wanaoaminiana kabisa na wenye kazi ya shirika mlangoni inayodai ankara sasa hivi.

Kwa aliyefungwa studio moja: aanze kuandika saa zake leo, na aitafute TUICO. Ushirika hautamsaidia kwa kuwa hana wateja wake.

Kwa mtengeneza midundo anayefuatwa na wasanii moja kwa moja, umbo lolote ni la ziada tu. Anachohitaji ni kutotoa faili safi. Atoe mfano wenye sauti ya jina lake juu yake, aliye tayari alipe.

Chama cha BASATA kiwepo, lakini kibebwe na watu wachache wenye subira ya vikao. Kisiwe ndicho kikapu cha pesa.

Linabaki suala gumu ambalo sheria zote hizi hazilimalizi: mwenye studio aingie au asiingie? Hapa Mwanza mwenye studio mara nyingi ni deiwaka wa jana aliyenunua interfesi kwa mkopo, anadaiwa kodi ya fremu, na akiishiwa kazi anakwenda kupiga kinanda studio ya jirani. Ni kaka yetu. Kwenye kikoba aingie, hana madhara. Kwenye chama cha wafanyakazi hawezi, chama hicho kinatakiwa kisiwe chini ya mwajiri. Kwenye ushirika ndipo watu wanagawanyika. Wengine wanasema akiwa nje atatupiga vita, bora awe ndani. Mimi ningempa mkataba wa kukodisha chumba kwa bei inayoeleweka, ningemlipa kwa wakati, na nisingempa kiti kwenye bodi. Siku akifunga studio na kurudi kuzunguka na kinanda chake, fomu ya uanachama ipo.